Kazi Iliyobaki Kwenye Sindano

Tarehe 3 Februari

Mume wangu Fundi,

Salamu kwanza, lawama baadaye. Mimi sijambo, binti yetu Kitinda hajambo, na watoto wake pacha hawajambo. Wa kwanza tunamwita Kelele, wa pili Kimya. Si majina ya cheti, ni ya humu ndani tu, na ukikaa nao saa moja utajua kwa nini.

Naandika kwa sababu wewe na simu hampikiki chungu kimoja. Nikipiga unauliza mko salama, nasema tuko salama, unasema haya, kisha nasikia imekatika. Miaka thelathini na minane ya ndoa inaishia kwenye "haya". Na Kitinda huwa pembeni ametega sikio. Basi afadhali karatasi.

Jana ulisema bati la chumba kidogo limevuja. Ulisema kama mtu anayetaja habari za mtaa wa pili. Fundi, mle ndani mna sufu zangu za miaka ishirini na mitano. Sufu ikilala na maji inanuka, na nondo wanaalikana. Nakuomba uzitoe zote: magunia matatu, sanduku la bati, na zile za chini ya kitanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini nalijua goti lako, kwa hiyo tumia mpini wa ufagio.

Zianike kivulini, jua linapausha rangi. Kisha zipange, maana na mimi nimekuwa naahidi kuzipanga tangu Kitinda yuko shule ya msingi. Anza na unene: nyembamba za nguo za watoto, za kati za sweta, nene za mablanketi. Ndani ya kila unene ndipo ugawe rangi. Sufu halisi isichanganywe na nyuzi za kiwandani. Kibonge cha uzi chenye karatasi ya namba, karatasi isitoke, kwa sababu kiwanda hakitoi rangi ileile mara mbili, na sweta likiishiwa uzi katikati unamtafuta ndugu yake kwa namba hiyo.

Mfuko wa kitambaa cha maua, ulio nyuma ya kabati, haukulowana. Pale hapavuji. Huo uache.

Najua nilikuja kwa miezi mitatu na sasa ni mitano. Mkwe wetu yuko njiani na lori lake wiki mbili kati ya tatu, na Kitinda peke yake na pacha hawezi. Nitumie nyeupe nyembamba, niwafumie kofia. Sindano nimeazima kwa muuguzi wa zahanati ya hapa.

Mama Watoto


Tarehe 15 Februari

Mama Watoto,

Kazi imekwisha. Imenichukua siku tisa, na wateja wawili wamesubiri saa zao mpaka wakaanza kuniamkia kwa hasira.

Nimefungua saa miaka arobaini. Nimeona vurugu za kila aina ndani ya saa, lakini magunia yako yamenivua kofia. Kwenye gunia la pili nimekuta mkasi tuliomsingizia mama cherehani jirani, ule uliosababisha msiwe mnasemeana mwaka mzima. Nimempelekea nikamwomba radhi kwa niaba yako. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja kunisaidia kutaja rangi, maana mimi zambarau na rangi ya bilinganya naona ni mtu mmoja.

Una vibonge mia mbili na kumi na vinne. Nyembamba nimeziweka kwenye sanduku, nene kwenye magunia yaliyofuliwa, na za kati nimezipa lile kabati langu la droo, la vipuri. Vipuri vitajibana kwenye makopo. Kila droo ina lebo yake, kwa mfano: "Kijani, kati, halisi, 11." Hata ukiamshwa usingizini utapata unachotaka.

Mfuko wa maua uliniambia niuache. Lakini fundi haamini saa kwa kuambiwa ni nzima, huifungua akaiona. Nikaufungua. Ulikuwa mkavu, hukukosea. Ila ndani nimekuta vipande viwili vya kijivu vilivyofumwa nusunusu, havina lebo wala mwenyewe, na sindano bado zimechomekwa. Nikajua ni kazi iliyokuchosha. Sindano nimezirudisha kwenye kopo pamoja na zile nyingine, vipande nimevifumua, nimepata vibonge vinane safi. Viko droo ya sita. Sasa humu ndani hakuna kitu kisicho na mahali pake.

Nyeupe nimezipeleka leo ofisi ya mizigo ya basi.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Nakula, nalala, goti ni lilelile. Kaa mpaka wakuchoke.

Fundi


Tarehe 1 Machi

Fundi,

Nyeupe zimefika. Asante kwa kazi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Vile vibonge vinane vya kijivu, sawa. Bila shaka umevipanga vizuri.

Mkwe amenitengenezea rafu za ukutani kwenye chumba cha nyuma. Anasema, Mama, unaishi kama mgeni, nguo zimo kwenye begi. Basi nitumie sufu nene zote. Kuna baridi huku na watoto wanataka mablanketi.

Sina mengi.

Mama Watoto


Tarehe 12 Machi

Mama Watoto,

Barua yako ilikuwa fupi, nikadhani ukurasa wa pili umebaki ndani. Niliikung'uta bahasha. Kisha nikaichana pembeni nikachungulia. Hakukuwa na kitu.

Nene zote zimeondoka leo, vibonge arobaini na sita, magunia mawili. Nimeshona midomo yake kwa uzi wa viatu.

Chumba kidogo kimekuwa kikubwa. Dirisha ambalo magunia yako yalikuwa yameliziba linaingiza mwanga mzuri mno, mwanga wa kuona skrubu bila miwani. Nimewaza naweza hata kuhamishia meza yangu ya kazi humo, pamoja na ile saa ndefu ya ukutani, yenye vyuma viwili vya kuning'inia, ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Unaonaje?

Kelele bado ana kelele? Mwambie babu yake anamsalimu. Kimya naye msalimie, asije akadhani kunyamaza ni kusahauliwa.

Fundi


Tarehe 28 Machi

Fundi,

Hamishia meza yako. Chumba hakiwezi kukaa bure kumngoja mtu.

Nitumie na za kati, rangi zote isipokuwa kijivu. Kijivu kaa nacho. Nitumie na sindano zangu, zote, na kopo lake. Muuguzi anazitaka zake.

Kelele ameota jino. Kitinda na mumewe wamezungumza nami jambo, nitakueleza siku nyingine.

Mama Watoto


Tarehe 10 Aprili

Mama Watoto,

Nimetuma nusu ya za kati: nyekundu, njano na kijani. Buluu, hudhurungi na nyingine zimebaki, mzigo ulikuwa mzito.

Sindano nimezitafuta kila mahali. Sizioni. Huenda ni panya.

Hongera kwa jino.

Fundi


Tarehe 19 Aprili

Fundi,

Panya gani huyo anayekula chuma?

Kopo la sindano ni lile la maziwa ya unga, liko juu ya kabati la vyombo, upande wa kushoto, na limekaa hapo tangu mtoto wetu wa kwanza ananyonya. Unalipita kila unapochukua sukari. Na mwezi wa pili uliniandikia kwa mkono wako kwamba umerudisha sindano ndani yake. Wewe hujapoteza skrubu ya saa ya kike kwa miaka arobaini, skrubu ndogo kuliko chawa. Leo umepoteza sindano ishirini na mbili zenye urefu wa mkono?

Nilikuwa nimekasirika na wewe tangu Februari. Nimesoma habari ya panya nikacheka peke yangu mpaka Kimya akaamka, na Kimya haamki ovyo. Kisha nikaacha kucheka, nikaanza kujiuliza.

Ngoja nikuambie lile jambo. Kitinda na mumewe wananiomba nihamie hapa moja kwa moja. Chumba kipo, rafu zipo, na wajukuu ndio hao. Nimewaambia nitajibu kabla Mei haijaisha. Kabla sijawajibu nataka kujua sindano zangu ziko wapi. Niambie kweli tupu, hata kama ni mstari mmoja.

Mama Watoto


Tarehe 25 Aprili

Mke wangu,

Sindano ziko chini ya mto wako. Upande wako wa kitanda.

Siku ile nilifika ofisi ya mizigo na za kati zote, na kopo juu yake. Yule karani wa pale, mcheshi anayejua habari za kila mtu kwa vifurushi vyake, akaangalia anwani, akaangalia mizigo, akaniuliza, "Mzee, mama anahama kwa mafungu?" Watu kwenye foleni wakacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Lakini mkono ulikataa kuachia kopo. Nikamkabidhi gunia moja, nikageuka na lililobaki begani na kopo kwapani. Vile vyuma vilikuwa vinalia ndani ya kopo njia nzima, kila mtu aligeuka kuniangalia. Nilipofika nyumbani sikujua nilifiche wapi, mtu ambaye naishi peke yangu. Nikazitoa nikaziweka chini ya mto wako.

Meza sikuihamisha. Niliandika vile kwa sababu mchana huwa naingia chumba kidogo nakaa kwenye kiti chako. Mnanuka sufu mle. Niliona mtu mzima hawezi kukaa mchana kutwa kwenye chumba bila sababu, nikaona nikiwa na meza nitakuwa na sababu.

Asubuhi naweka vikombe viwili. Mwezi wa kwanza ilikuwa kusahau. Sasa sisahau, naviweka tu.

Nilipoandika kaa mpaka wakuchoke, sikumaanisha. Niliogopa kukuvuta wakati mtoto wetu ana watoto wawili mikononi na mume barabarani. Nilijiona nitakuwa kama mtoto wa tatu anayelilia titi. Baba yangu hakuwahi kumwambia mama yangu njoo, alikuwa anakohoa tu, mama anakuja. Mimi nilidhani nikinyamaza vya kutosha utasikia. Kumbe kikohozi hakifiki mbali hivyo.

Sasa nasema. Rudi nyumbani. Barua hii ni ya nne, tatu nimezichana kwa sababu neno hilo lilikuwa halimo. Rudi, mke wangu. Nimekukumbuka mpaka nimechoka.

Na kama huwezi, niambie waziwazi. Sindano nitazileta mwenyewe, siyo kwa karani.

Mumeo


Tarehe 2 Mei

Mume wangu,

Barua yako nimeisomea bafuni, ndiyo sehemu pekee humu yenye komeo. Kitinda amegonga mara mbili. Nimemwambia tumbo.

Sasa na mimi nikuambie habari ya mfuko wa maua.

Mama yangu alinifundisha kwamba mwanamke mfumaji akisafiri, huacha kazi nusu kwenye sindano nyumbani kwake, ili mikono imdai. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nilipokwenda kujifungua yule wa kwanza niliacha soksi. Nilipokwenda kumzika mama niliacha kitambaa cha shingo. Nilipolazwa kwa ajili ya nyongo niliacha kofia yako ile yenye masikio. Kila mara nilirudi, nikakaa kwenye kiti kilekile, nikaendelea na kitanzi kilekile. Hukuwahi kuuliza, na mimi sikuwahi kusema. Nilidhani mtu akiishi na wewe miaka yote hiyo atakuwa ameshaona.

Safari hii niliacha sweta. Mgongo na mkono wa kushoto. Vipimo niliviiba kwenye koti lako la zamani ulipokuwa umelala. Fundi, lilikuwa lako.

Kisha ukaniandikia kwamba umelifumua, vibonge vinane, droo ya sita. Na mistari michache chini yake, kaa mpaka wakuchoke. Nilidhani umenijibu swali ambalo nilikuwa sijakuuliza. Nililia jikoni, Kitinda akauliza nini, nikasema vitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunapika uji. Ndipo nikaanza kuagiza sufu. Kila gunia ulilotuma kwa haraka na ushonaji wako mzuri, nilisema moyoni, kumbe alikuwa anangoja nafasi. Ulipoandika habari ya meza nikasema, haya, na kiti kimeshakaliwa.

Na mimi nimekosa. Siri ya ndani ya mfuko si barua, mtu hawezi kuisoma. Ningekuambia siku ile ya safari, pale stendi, badala ya kukukumbusha kufunga bomba.

Lakini usijilaumu. Maji yakimwagika hayazoleki, sufu huzoleka. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele zilizofumuliwa kwenye mabutu, ukiufuma hivyo sweta linatoka na makunyanzi. Fungua vile vibonge vyako safi, viwe mizunguko mirefu. Vifunge kwa kamba sehemu nne visichanganyikane. Vioshe kwa maji ya vuguvugu, usivisugue, kamua kwa taulo. Kisha vitundike na uning'inize kitu kizito chini yake mpaka vikauke. Uzi utasahau.

Ukimaliza, usinitumie.

Mkeo


Tarehe 11 Mei

Mke wangu,

Nimefanya kama ulivyosema. Mizunguko nimeitengeneza kwa kuizungushia migongo ya viti viwili, changu na chako, nimevigeuza viangaliane. Ilinichukua siku nzima kukizunguka hiki na kile, goti limeapa halitanisemesha tena. Mama cherehani alipita dirishani, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia namtafuta mke wangu. Hakucheka safari hii, aliingia akashika upande mmoja wa uzi.

Kitu kizito sikukipata mpaka nilipoiangalia ile saa ndefu. Nimeifungua vyuma vyake viwili, nimevining'iniza kwenye sufu. Saa imesimama, mwenyewe akija leo baada ya miaka kumi na mmoja atanisamehe. Siku ya nne uzi umekauka. Umenyooka, Mama Watoto. Nimeupitisha kwenye vidole wote, mwanzo mpaka mwisho, sikusikia kona hata moja.

Lebo ya droo ya sita nimeibandua.

Ili usipoteze muda nimejipima kwa kamba na rula. Kifua sentimita tisini na nane, mkono sitini na moja. Sikuandika tumbo, halihusiki. Niambie tu kama kuna kingine cha kufanya, kwa sababu kila asubuhi naangalia kama uzi umejikunja tena, na wateja wameanza kunisema.

Mumeo


Tarehe 20 Mei

Mume wangu,

Kamba yako itupe. Sijaona mwanamume anayejipima mwenyewe bila kuvuta pumzi. Nitakupima kwa mikono yangu, na tumbo linahusika.

Nimemjibu Kitinda. Alilia, nikalia, Kelele akatusaidia. Nimemwambia nyumba yangu iko kule, na mtu wangu ameniita. Akauliza, "Baba? Baba amesema hivyo kwa mdomo wake?" Nikamwambia kwa mkono wake, tena kwa wino. Hakuamini mpaka nilipomwonyesha mstari mmoja. Mingine nimeikunja.

Dada wa mkwe anakuja Jumatano kunipokea zamu. Sufu ulizotuma nitaziacha kwenye rafu hizi, nimeshaanza kumfundisha Kitinda kushika sindano, ingawa anashika kama mtu anayechoma mishikaki. Moyo wangu hautoki hapa mzima, sitakudanganya. Kimya ameanza kunifuata kwa macho nikivuka chumba. Kwa hiyo nimemwanzia blanketi la buluu hafifu, nimefika katikati nikaacha. Limo kwenye begi nyuma ya mlango, na ndani yake sindano za muuguzi, ambazo amekubali zibaki. Kitinda nimemwambia ni nini na ni kwa nini, waziwazi, na kwamba safari ijayo tutakuja wawili kulimalizia.

Basi linafika Ijumaa saa kumi jioni. Vile viti viwili viache hivyohivyo vinavyoangaliana, na utoe sindano chini ya mto wangu, nisije nikalala juu yake.

Mkeo